Afya ya Mama: Vidonge vya Baada ya Hedhi Kukoma, na Damu Igandayo Mishipani

Barua nyingi ziletwazo katika ukurasa huu huhusu watoto: kuharisha, kuachishwa ziwa, surua, homa za usiku. Ni nadra mama aliyekwisha kulea kutuandikia habari za mwili wake mwenyewe. Kwa hiyo ilipotufikia barua ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika mkoa wa Tanga, mwenye umri wa miaka 53, tuliisoma mara mbili. Anasema kwamba tangu hedhi yake ilipokoma, yapata mwaka na nusu sasa, hapati usingizi. Joto humpanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, jasho humtoka mpaka kanga ikalowa, kisha baridi humshika. Darasani hujikuta amesimama dirishani akitafuta upepo huku wanafunzi wakimtazama. Binti yake aliyeko Uingereza amemletea vidonge vya homoni vya kumtosha miezi sita. Lakini dada yake mkubwa, anaendelea kusema, alifariki siku chache baada ya kujifungua, mguu mmoja ukiwa umevimba na pumzi zikimkatika. Na jirani yake ambaye ni muuguzi amemwonya kwamba vidonge hivyo hugandisha damu. Anauliza: avimeze au avitupe?

Swali ni fupi, lakini jibu lake limewachukua wataalamu zaidi ya nusu karne, nao wamekosea njiani zaidi ya mara moja. Hapana budi tuanze mwanzo.

Hedhi haikomi kwa sababu ya ugonjwa. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na akiba yake yote ya mayai, na akiba hiyo hupungua mwaka hata mwaka. Inapokaribia kwisha, aghalabu kati ya umri wa miaka 45 na 55, ovari hupunguza kutengeneza homoni iitwayo estrojeni, siku za mwezi huanza kuvurugika, kisha hukoma. Ikipita miezi 12 mfululizo bila hedhi, ndipo tabibu husema kwamba imekoma. Sasa, estrojeni haikuwa na kazi ya uzazi peke yake. Ilisaidia kutuliza ile sehemu ya ubongo ipimayo joto la mwili; ilihifadhi mifupa isiwe myepesi; ilitia unyevu ukeni. Ikipungua, mambo yote hayo huyumba. Wako akina mama wasioona lolote, na wako wanaotaabika miaka saba au zaidi. Bibi zetu waliyapitia hayo kimya kimya, na wengi katika akina baba hawakujua kwa nini mwenzao alikuwa akitoka nje usiku wa manane kukaa kibarazani.

Tiba ya kurudisha homoni hiyo kwa kidonge si ngeni. Mwaka 1942 kampuni ya Ayerst ilianza kuuza huko Marekani dawa iitwayo Premarin, ambayo estrojeni zake huchujwa kutoka katika mkojo wa farasi jike wenye mimba. Jina lenyewe limeungwa kwa vipande vya maneno hayo ya Kiingereza. (Msomaji anayechelea kumeza kitu cha namna hiyo, kwa sababu za dini au za kinyaa tu, ajue kwamba zipo pia estrojeni zitengenezwazo kutokana na mimea kama soya na viazi vikuu.) Kisha mwaka 1966 daktari mmoja wa New York, Robert Wilson, alichapisha kitabu kiitwacho Feminine Forever, akidai kwamba kukoma hedhi ni maradhi ya upungufu, mfano wa kisukari, na kwamba mwanamke hana haja ya kuzeeka iwapo atameza estrojeni maisha yake yote. Kitabu kiliuzwa sana, na dawa ikauzwa zaidi. Baadaye ilijulikana kwamba taasisi ya daktari huyo ilikuwa ikipokea fedha kutoka makampuni yaliyotengeneza dawa hizo. Sisi hatuoni ajabu. Bepari mwenye bidhaa ghalani hakosi kumtafutia mteja ugonjwa.

Pigo la kwanza lilikuja mwaka 1975, ilipodhihirika kwamba wanawake waliotumia estrojeni peke yake walipata saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba mara kadhaa zaidi kuliko wenzao. Dawa ya hilo ilipatikana: mwanamke ambaye bado ana kizazi huongezewa homoni ya pili, projesteroni au jamaa yake, inayozuia ukuta huo usikue ovyo. Kanuni hiyo inafuatwa hadi leo. Aliyekwisha kuondolewa kizazi hahitaji homoni hiyo ya pili.

Likabaki dai kubwa zaidi, nalo ni kwamba estrojeni hulinda moyo. Dai hilo liliaminiwa sana, kwa kuwa wanawake waliotumia vidonge walionekana kuwa na maradhi machache ya moyo. Lakini waliotumia vidonge walikuwa pia, kwa kawaida, wenye kipato kizuri, wenye elimu, na wenye kumwona daktari kila mara. Nani ajuaye ni kipi kilichowalinda? Njia ya kupata ukweli ilikuwa moja: kuwagawa wanawake kwa kura, hawa wapewe dawa, hawa wapewe vidonge visivyo na dawa, na mtu asijue nani amepewa nini mpaka hesabu itakapofungwa. Mwaka 1998 jaribio la kwanza kubwa la namna hiyo, lililokuwa na wanawake 2,763 wenye maradhi ya moyo, lilionyesha kwamba homoni hazikuwalinda hata kidogo. Na wale waliozimeza walipatwa na damu kuganda mishipani karibu mara tatu ya wenzao.

La pili lilikuwa kubwa zaidi. Serikali ya Marekani iliandaa utafiti wa afya ya wanawake ambao sehemu yake moja ilikuwa na wanawake 16,608 wenye umri wa kati ya miaka 50 na 79, wote wakiwa na kizazi. Ulipangwa uende zaidi ya miaka minane. Mwezi Julai 2002, baada ya wastani wa miaka mitano na kidogo, wasimamizi waliusimamisha, kwa sababu madhara yalikuwa yamezidi faida.

Hapa tunamwomba msomaji avumilie hesabu kidogo, maana magazeti mengi ya dunia yalitangaza jambo hili kwa maneno ya kutisha bila kutoa hesabu yenyewe. Chukua wanawake 10,000 wanaomeza vidonge visivyo na dawa kwa mwaka mmoja: 16 kati yao walipatwa na damu kuganda katika mishipa ya miguu au mapafu. Chukua wengine 10,000 waliomeza homoni zote mbili: waliopatwa walikuwa 34. Ni kweli kabisa kusema kwamba hatari iliongezeka mara mbili. Ni kweli vilevile kusema kwamba walioongezeka ni 18 katika 10,000, na kwamba wanawake 9,966 hawakupatwa na lolote la namna hiyo katika mwaka ule. Katika hesabu hiyo hiyo walizidi 8 wa kiharusi, 8 wa saratani ya matiti na 7 wa maradhi ya moyo. Wakapungua 5 waliovunjika nyonga na 6 wenye saratani ya utumbo mpana. Idadi ya vifo kwa jumla haikutofautiana.

Jambo jingine lililosemwa kwa sauti ndogo mno ni umri wa wanawake wale. Wastani wao ulikuwa miaka 63. Wengi walikuwa wamekwisha kukoma hedhi zaidi ya miaka kumi, nao hawakuwa wakitafuta nafuu ya joto na jasho. Bibi wa miaka 70 damu yake huganda kwa wepesi kuliko mama wa miaka 51, awe ametumia homoni au hakutumia. Hata hivyo hofu ilienea pote, na mamilioni ya wanawake waliacha vidonge vyao, wakiwemo wale ambao kwao faida ilikuwa kubwa kuliko hatari. Kwa maoni yetu kosa la mwaka 2002 na kosa la mwaka 1966 ni ndugu wa baba mmoja. Mara ya kwanza wanawake wote waliambiwa wameze, mara ya pili wote waliambiwa waache, na katika mara zote mbili hakuna aliyeuliza mwanamke mwenyewe ni nani na ana hali gani.

Lakini kwa nini homoni igandishe damu? Damu yetu imeumbwa iwe majimaji ndani ya mishipa na iwe ngumu kwenye jeraha, na kati ya hali hizo mbili pana mizani nyembamba sana. Rudolf Virchow, daktari Mjerumani wa karne ya 19, ndiye anayetajwa kila linapozungumzwa jambo hili, kwa yale mambo matatu yanayoharibu mizani hiyo: damu kutembea polepole au kutuama, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Estrojeni ya kidonge huingia kwa njia ya hili la tatu. Kidonge kikishamezwa, dawa hufyonzwa na utumbo, na damu yote itokayo utumboni hupita kwanza katika ini kabla ya kwenda kwingineko mwilini. Ini, ambalo ndilo kiwanda cha protini zinazogandisha damu, hupokea estrojeni hiyo kwa wingi na kwa mkupuo. Kwa kuchochewa hivyo huongeza protini za kugandisha na kupunguza baadhi ya zile zinazozuia. Mizani huinama. Bonge la damu likiumbika, mahali pake pa kawaida ni katika mishipa mikubwa ya ndani ya mguu, ambamo damu hupanda polepole kurudi moyoni. Na kipande kikimeguka huchukuliwa na mkondo, hupita moyoni na kukwama katika mapafu. Hapo mtu aweza kufa kwa muda mfupi sana.

Ukilielewa hilo la ini, utaelewa pia ufumbuzi uliopatikana. Estrojeni ikiingia kwa njia ya ngozi, kwa plasta inayobandikwa kiunoni au jeli inayopakwa mkononi, huingia katika damu moja kwa moja, bila kupitia ini kwanza. Watafiti wa Ufaransa, ambako wanawake wengi walikuwa wamezoea kutumia jeli na plasta, walichapisha mwaka 2003 na tena mwaka 2007 matokeo ya utafiti uitwao ESTHER: waliomeza vidonge hatari yao ya damu kuganda ilikuwa imeongezeka mara kadhaa, na waliotumia njia ya ngozi hatari yao haikuonekana kupita ile ya wanawake wasiotumia chochote. Walieleza pia kwamba projesteroni ya asili haikuonekana kuongeza hatari, ilhali baadhi ya jamaa zake za kutengenezwa ziliongeza. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham walichunguza kumbukumbu za wanawake zaidi ya 80,000 wa Uingereza waliopatwa na damu kuganda, wakawalinganisha na wengine zaidi ya 390,000. Vidonge viliongeza hatari kwa asilimia 58 hivi. Plasta na jeli hazikuiongeza. Tafiti za namna hii hazina nguvu ya lile jaribio la kura, lakini zinapopatana na yale yajulikanayo kuhusu kazi ya ini, ni vigumu kuzipuuza.

Asije mtu akachanganya dawa hizi na vidonge vya majira. Vyote vina homoni, lakini estrojeni iliyomo katika vidonge vingi vya majira ni ya aina kali zaidi, nayo pia yaweza kugandisha damu. Mama wa miaka 50 anayemeza vidonge vya majira vya binti yake ili apoze joto la mwili anajitwisha hatari kubwa kuliko ile aliyodhani anaikwepa.

Nani basi aliye karibu na shimo? Wa kwanza ni yeyote aliyewahi kupatwa na bonge la damu, mguuni au mapafuni. Anayefuata ni yule ambaye mzazi wake, ndugu yake wa tumbo moja au mtoto wake aliwahi kupatwa. Unene wa kupindukia huongeza hatari, na pia saratani, upasuaji mkubwa, mguu uliofungwa plasta ya mfupa, na kulala kitandani siku nyingi. Katika vitabu vya Ulaya utakuta sana habari za hitilafu ya kurithi iliyogunduliwa mwaka 1994 katika mji wa Leiden huko Uholanzi, ambayo watu wapatao watano katika kila mia wenye asili ya Ulaya wanayo. Kwetu hitilafu hiyo ni nadra. Lakini tusijipongeze mapema, kwa sababu tunayo selimundu, ambayo huongeza hatari ya damu kuganda, na hata mtu aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, asiyeumwa kamwe, ana hatari ya mabonge ya mapafu kuliko asiyerithi. Ukiulizwa na daktari kama katika ukoo wenu mna selimundu, usijibu kwa haraka kwamba hakuna eti kwa kuwa wewe mwenyewe hujapata kuumwa.

Na safari. Imethibitishwa kwamba kukaa kitako katika chombo cha safari kwa muda wa saa nne au zaidi huongeza hatari hii kama mara mbili, iwe ni ndege, gari moshi au basi. Mtu akisikia hivyo hufikiria wasafiri wa ndege za ng'ambo. Lakini mama apandaye basi Dar es Salaam kabla ya alfajiri na kushuka Mwanza usiku, miguu ikiwa imebanwa na mizigo, tena hanywi maji njiani kwa kuogopa kukosa choo, huyo ndiye tunayemwambia hasa. Basi likisimama, shuka utembee. Ukiwa kitini, kunja na kunyosha nyayo mara kwa mara. Maji unywe.

Liko kundi moja ambalo tungependa lisifungiwe mlango. Hapa kwetu wanawake wengi huota uvimbe katika kizazi, na wengine huishia kuondolewa kizazi pamoja na ovari zote mbili wakiwa na miaka 38 au 40. Hao hukoma siku moja, kwa kisu, na si polepole kwa umri. Taabu yao huwa kali, na mifupa yao hupoteza miaka kumi au zaidi ya ulinzi. Kwao madaktari kwa kawaida hushauri homoni mpaka ufike umri wa kawaida wa kukoma, isipokuwa pawepo kizuizi. Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji huo na kuruhusiwa kwenda nyumbani bila kuelezwa habari hii ana haki ya kurudi na kuuliza.

Sasa tumgeukie mwalimu wetu. Mama, vidonge alivyokuletea mwanao usivimeze kwa sasa. Hatusemi kwamba ni sumu. Mwanamke mwingine wa umri wako, asiye na historia kama yako, akiwa amepimwa, angeweza kuvitumia kwa faida. Lakini habari ya dada yako, mguu mmoja kuvimba na pumzi kukatika baada ya uzazi, inafanana mno na bonge la damu lililopanda mapafuni, hata kama hakuna aliyekuandikia hivyo kwenye karatasi. Mwaka wa kwanza wa kutumia vidonge ndio wenye hatari kuliko yote, nawe ungekuwa unauanza pasipo mtu wa kukuangalia. Chukua boksi lenyewe, na karatasi iliyomo ndani, uende hospitali ya mkoa umwone daktari wa magonjwa ya wanawake. Mweleze habari za dada yako kwanza, kabla ya habari za joto. Mwulize kama njia ya ngozi, pamoja na projesteroni ya asili kwa kuwa bado una kizazi, inakufaa. Tunajua kwamba plasta hizo si kitu cha kukutwa katika kila duka la dawa mkoani. Binti yako aliyeweza kuleta vidonge aweza kuleta hizo, ila safari hii kwa cheti cha daktari. Akisema homoni za aina yoyote hazikufai, zipo dawa nyingine zisizo homoni zipunguzazo joto, mojawapo ikiwa imeidhinishwa Marekani mwaka 2023, ingawa bei yake ni ya kutisha. Na ikiwa kinachokusumbua zaidi ni ukavu, ipo estrojeni ya kiasi kidogo itiwayo ukeni, ambayo karibu yote hubaki hapo hapo.

Limebaki jambo moja, nalo linamhusu kila msomaji, atumiaye homoni na asiyetumia. Mguu wenye bonge la damu kwa kawaida ni mmoja. Huvimba kwa siku moja au mbili, huwa na joto, na shavu la mguu huuma kama limekazwa. Vitabu vya kigeni husema kwamba ngozi huwa nyekundu. Katika ngozi zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani, kwa hiyo pima uvimbe kwa kulinganisha miguu yote miwili. Watu wa pwani wakiona mguu umevimba husema ni matende. Lakini matende huja polepole, kwa miezi na miaka. Wengine husema mtu amekanyaga kitu kibaya, na siku tatu hupotea kwa mganga.

Kubwa kuliko yote, mguu wa namna hiyo usichuliwe. Najua ni desturi ya upendo, binti kumchua mama yake mguu kwa mafuta ya nazi ya moto; lakini kuchua kwaweza kulimegua bonge na kulipeleka mapafuni. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, ambako mguu hupigwa picha ya mawimbi ya sauti, na bonge likionekana huanzishiwa dawa za kuzuia damu isizidi kuganda, sindano za heparini au vidonge, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Na iwapo pumzi zinamkatika ghafla, kifua kinamchoma anapovuta hewa, anakohoa damu au amezimia, msingoje kupambazuke. Beba na boksi la vidonge anavyotumia, vya homoni, vya majira, hata vya mitishamba, umwekee daktari mezani. Mgonjwa mwenyewe saa hiyo huenda asiweze kusema.